Chumvi Isiyoonjwa

Juzi mwanangu wa mwisho alirudi kutoka shuleni ngozi ya katikati ya vidole vyake vya miguu imeoza kwa kuvaa buti za plastiki msimu mzima wa mvua. Nikaenda kwa muuza dawa wa mtaani, akanipimia kipakiti cha karatasi, akasema ni permanganati, niweke punje chache tu ndani ya beseni la maji. Nilimwacha aeleze mpaka mwisho kwa adabu, ingawa mambo hayo niliyajua tangu meno ya utoto hayajanitoka yote.

Jioni ile nikamwosha miguu, na siku iliyofuata tulikuwa kwenye posa ya binti wa jirani. Nilipewa kazi ya kugawa vinywaji, na nilipoinua gilasi ya kwanza nikaona ukucha wa kidole gumba changu una doa la kahawia. Nikaiweka gilasi chini, nikaomba mtu mwingine agawe, nikakaa pembeni mkono nimeuficha ndani ya kitenge kama mwizi. Mimi, mama wa watoto, mvaa miwani! Nilijicheka, lakini mkono sikuutoa.

Sisi tuliokulia Walikale na Masisi miaka ya vita hatuhitaji kuelezwa. Wengine nitawaeleza. Kwetu kulikuwa na hofu ya sumu iitwayo karuho, na nasikia hofu hiyo bado iko. Watu husema haikuui papo hapo. Unakunywa ukicheka, unarudi nyumbani kwa miguu yako, kisha unaanza kukonda na kukohoa, na mwaka ukiisha nawe umekwisha. Anayeitoa huificha chini ya ukucha wa kidole gumba, na anapokupa kikombe cha kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, huchovya ncha ya kidole tu. Ndiyo maana mtu akikupa kitu huonja yeye kwanza, mbele ya macho yako, na ameze. Kumngojea aonje si tusi. Tusi ni yeye kukupa bila kuonja.

Mama yangu alikufa hivyo, au ndivyo alivyoamini Tate. Tate ndilo jina tunalomwita bibi, na huyu alikuwa mama mzazi wa mama yangu. Alisema mama alipewa kasiksi kwenye harusi, jua kali, watu wanacheka, na aliyemimina akasahau kuonja, na mama kwa kiu akasahau kungoja. Baada ya hapo akaanza kukohoa. Leo nikikifikiria kikohozi kile nina jina lake jingine, la hospitali, lakini jina hilo halikuwahi kutufikia kule msituni. Tulikuwa na lile moja tu, na lilitutosha kumshuku kila aliyekuwa harusini siku ile.

Vita vilipotutoa Walikale tulitembea mpaka Kashuga, upande wa Masisi, tukaishi kambini katika kibanda cha fito kilichofunikwa bashi, yale maturubai ya msaada. Tulikuwa mimi, mdogo wangu Amani aliyekuwa bado anabebwa mgongoni, baba na Tate. Baba hakukaa. Alikuwa mtu wa njia ya Hombo, anakwenda kuchukua mawese na kuyauza huku, na njia ikifungwa kwa mapigano hukwama hukohuko. Tate ndiye aliyekuwa nguzo yetu, nguzo iliyoshuku kila kitu: unga wa msaada, tabasamu la jirani, hata kuku akiwa kimya mno.

Matanga ya mama hayajapoa, baba akarudi na mwanamke. Tulimwita Madamu, kwa sababu alikuwa amefundisha kemia katika shule ya sekondari huko Walikale mpaka wenye bunduki walipolala madarasani na kupikia madawati. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye maneno machache, na upole wake ndio uliomponza. Mtu mkali unamjua alipo. Alikuja na sufuria moja na chupa moja ya kioo cha kahawia, aliyoifunga kwa plastiki nyeusi, na alipoulizwa mna nini ndani hakuficha.

“Ni chumvi, Tate,” alisema. “Chumvi ya laboratware. Hii hawaionjake.”

Laboratware kwetu ni maabara. Tate alinitazama. Alikuwa amekula chumvi ya magadi na chumvi ya dukani, chumvi ya kuibiwa na chumvi ya kuombwa, lakini hakuwahi kusikia chumvi ambayo mwenyewe haionji. Hakuuliza tena. Tangu siku hiyo hakumtaja kwa jina, alisema “ule”, yaani yule, na mimi akanipa kazi: nimfuate kila aendako, nimwangalie vidole.

Wahenga walisema mchawi mpe mwanao akulelee. Baba aliitimiza methali hiyo bila kujua, akatukabidhi kwa Madamu, akafunga mzigo akarudi njia ya Hombo.

Chupa ile ilikuwa na miiko mingi kuliko mwali. Haikuruhusiwa kuona jua. Haikukaa karibu na sukari, wala mafuta, wala makaa. Aliitundika juu kabisa kwenye fito, peke yake, Amani asiifikie. Haikuchotwa kwa kijiko cha chakula, ilikuwa na kijiko chake kidogo cha plastiki ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Upepo ukivuma haikufunguliwa. Na alipoifungua alijifunga kitambaa puani, akatupa mgongo sisi watoto, akapumua taratibu, akachota, akafunika palepale. Mtu yeyote aliyepita darasani angemwona mwalimu mwangalifu. Mimi nilimwona mtu anayefuga kitu chenye hasira.

Punje zenyewe nilifanikiwa kuziona siku moja nikichungulia chini ya kwapa lake. Zilikuwa nyeusi zenye kung’aa, kama mbawa za mende. Alidondosha chache ndani ya beseni, na hapo nikaona jambo lililonitia hofu kuliko bunduki: kila punje ilitoa uzi wa zambarau, uzi ukajikunja majini kama kitu kilicho hai, na mara beseni zima likabadilika. Madamu alingoja maji yawe na rangi ya ua la kiazi kitamu. Yakizidi hapo aliyamwaga mbali na kuanza upya, akisema makali yanaunguza ngozi. Kisha alimwosha Amani vidonda vya miguu, vile vilivyotokana na matope ya kambi. Amani alicheka. Nikasema moyoni, ndivyo alivyocheka mama harusini.

Vidonda vikaanza kukauka. Ungedhani hilo lilitosha kunituliza, lakini mwenye kushuku hakosi ushahidi. Tate alisema mtu anayenenepesha mbuzi si kwamba anampenda mbuzi. Nilikubaliana naye kabisa.

Tatizo lilikuwa vidole. Glavu za shule zilibaki huko zilikobaki, kwa hiyo Madamu aliosha watu kwa mikono mitupu, na maji yale yaliyokuwa zambarau kwenye beseni yaligeuka kahawia kwenye kucha zake. Kahawia ileile ya kidole gumba ambayo kila mtoto wa kwetu alionywa aiogope. Kabla ya kupika alizisugua kwa ndimu, na ndimu ilizitakatisha kidogo. “Mwenye hana kitu, anafuta nini?” Tate akaniuliza.

Kwenye chakula, lakini, hakuna aliyeweza kumlaumu. Madamu alikuwa mwenyeji wa desturi zetu. Kila sufuria aliionja mbele yetu kabla hajapakua, hata viazi vya kuchemsha ambavyo huwezi kuvitilia kitu bila kuonekana. Tate hakuridhika na kuonja kwa macho. Mara tu Madamu alipoweka kijiko mdomoni, Tate alimwuliza swali, lolote, habari za mvua au za bei ya maharage, apate kusikia kama amemeza au ameficha shavuni. Madamu alimeza, akajibu. Alijibu maswali mengi ya mvua mwaka ule. Sidhani kama hakujua anachofanyiwa. Alikuwa anaonja kijiko cha pili pia, bila kuambiwa.

Mimi nilikuwa na uchunguzi wangu mwenyewe, ambao hata Tate sikumwambia. Kwenye kidole gumba cha mkono wa kuume wa Madamu kulikuwa na mstari wa kahawia uliokaa karibu na nyama, ambao ndimu haikuweza kuutoa. Nilipoendelea kuuangalia niligundua kwamba unatembea. Kila nilipomwona akimenya mihogo, mstari ulikuwa umesogea kidogo kuelekea ncha ya ukucha. Sikujua kwamba kucha hukua na kubeba madoa yake. Nilijua jambo moja tu: sumu inasukumwa mbele polepole, na siku itakapofika ukingoni itadondoka ndani ya kitu cha mtu. Nililala nikiwaza itakuwa zamu ya nani.

Jirani yetu alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Papa Bulambo, mtu wa msituni kama sisi, mwenye donda la mguu lililonuka mpaka njiani. Aliposikia habari za miguu ya Amani alimwomba Madamu amsaidie, na Madamu akawa anakwenda na beseni lake asubuhi. Mwanawe mkubwa, Safari, hakupenda, lakini baba yake alisema donda ni lake. Wakati huohuo Tate, kule kwenye bomba la maji, alikuwa amewaambia wanawake wenzake kuhusu kucha. Aliwaambia kwa sauti ndogo, na ya sauti ndogo ndiyo husikika mbali.

Mstari ulifika ukingoni. Madamu alikata kucha kwa wembe, nikaona kwa macho yangu kipande kile cha kahawia kikianguka. Kabla juma halijaisha, Papa Bulambo akaanza homa, tumbo likamvimba, akafa. Mguu ule ulikuwa umemla kwa muda mrefu kabla ya sisi kufika Kashuga, na mtu mzima yeyote angeweza kusema hivyo. Hakuna aliyesema. Mimi niliingia chini ya blanketi, kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba hesabu imetimia.

Walikuja asubuhi, baada ya mazishi, manyunyu yakianguka. Mbele alikuwa msimamizi wa upande wetu wa kambi, tuliyemwita Papa Shefu, nyuma yake Safari na vijana wenzake, na nyuma yao wanawake wa bombani. Baba alikuwa Hombo na njia imefungwa. Madamu alikuwa anachambua maharage. Alisimama, akajifuta mikono, akawakaribisha kwa adabu kama wageni.

Papa Shefu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa watu waliokuwa nyuma yake. Alimwuliza kama ni kweli Papa Bulambo aliguswa na maji ya ile chupa, Madamu akakubali. Akamwomba anyooshe mikono, akanyoosha. Minong’ono ikapita, wanawake wakafunika vinywa vya watoto wao.

“Madamu,” Papa Shefu akasema, “hapa kwetu muntu mwenye anatoa kitu, anaonjaka kwanza. Leta ile chupa, uonje na weye. Tukiona umemeza, hii maneno iko imekwisha.”

“Siwezi, Papa Shefu. Sikumupa ya kunywa, nilimusafisha kidonda. Ikiwa ya nguvu inachoma koo, inachoma na tumbo. Kitu ya laboratware hatuionjake, hata ingekuwa sukari.”

Nadhani aliamini amejitetea. Huko alikosomea, asiyeonja ndiye mwenye akili. Huko tulikokuwa, asiyeonja ndiye muuaji. Nilimwona Papa Shefu akipumua kwa huzuni, maana alikuwa amempa Madamu mlango wa kutokea, naye Madamu ameufunga kwa mikono yake mwenyewe. Mtu mmoja nyuma akasema amekiri. Lisemwalo lipo, mwingine akaitikia.

Safari aliingia kibandani akatoka na chupa mkononi. Ile plastiki nyeusi ilikuwa imechanika. Akaelekea kwenye mafiga yetu, ambako moto ulikuwa unawaka chini ya maji ya maharage, akainua mkono. Hapo Madamu, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti hata Amani alipomwaga uji, alipiga ukelele.

“Safari, usitupe mu moto! Itawaka, itakuchoma macho!”

Safari akasimama. Akageukia kijito kilichopita chini ya vibanda, akapiga hatua.

“Na mu maji hapana. Batoto wanachota kule chini.”

Watu walianza kunguruma. Mtu anayehukumiwa hatoi amri. Kijana mmoja aliokota jiwe, na mwingine naye akainama. Tate alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, amempakata Amani, macho yake yako kwenye vidole vya Madamu kama kawaida. Mimi nilikuwa nimeshika kanga ya Tate. Niliogopa chupa, niliogopa mawe, na kwa mara ya kwanza niliogopa pia kwamba Madamu atakufa, na hofu hii ya mwisho ilinishangaza.

Madamu alishusha sauti. Alimwambia Papa Shefu wamfukuze tu, ataondoka, hatabishana, lakini kwanza wamwache aimalize chupa hiyo yeye mwenyewe, maana wakiiacha mtoto ataiokota. Papa Shefu alikubali upesi. Hakukuwa na mtu mwingine aliyetaka kuishika, na hata Safari, alipokumbuka alichobeba, aliiweka chini haraka akafuta viganja kwenye suruali.

Alichukua jembe, akapanda mahali palipoinuka, mbali na kijito na mbali na shamba la mtu, akachimba shimo refu. Watu walimfuata kwa mbali, wakasimama kama wanavyosimama kwenye mizimu. Alijifunga kitambaa puani. Alipofungua chupa, mikono yake ilikuwa imelowa mvua, na punje zilimng’ang’ania. Nikaona vidole vikiwa zambarau, kisha vyeusi, kisha kahawia mpaka kwenye vifundo. Alichanganya na udongo, akafukia kidogo kidogo, akachanganya tena. Mwishowe akaivunja chupa ndani ya shimo kwa mgongo wa jembe, asije mtu akaiokota akatilia mafuta, akafukia na kukanyaga. Mwanamke mmoja kando yangu alisema anazika uchawi wake ili arudi kuuchukua. Nilimwamini nusu. Nusu nyingine ilikuwa inamwangalia Madamu akipuliza viganja vyake, maana vilikuwa vinamuuma.

Hukumu ikatolewa palepale. Aondoke kambini kabla jua halijashuka, watoto wabaki na bibi yao mpaka baba arudi. Kila mtu alijua maana ya mwanamke kutembea peke yake njia ile miaka ile, na ndiyo sababu hakuna aliyetupa jiwe: njia ingemaliza kazi. Madamu alifunga sufuria yake ndani ya kitenge. Alimbusu Amani kichwani bila kumgusa kwa mikono. Alinitazama mimi, akaona namna nilivyokuwa nimesimama, akaniacha.

Ndipo Tate alipokunja mkeka. Aliukunja polepole, akaufunga kwa kamba, akajitwisha, akamfunga Amani mgongoni kwangu, akasimama nyuma ya Madamu kama mtu anayengoja zamu yake bombani. Wanawake walishangaa. Mmoja wao akamkumbusha kwa upole, kama unavyomkumbusha mzee aliyepotewa na akili, kwamba habari ilitoka kwake:

“Lakini Tate, weye njo ulituambia juu ya kucha zake.”

“Miye njo nilisema,” Tate akajibu. “Na miye njo nimemuchunga, asubui mpaka magaribi. Kila kitu yenye hawa batoto walikula, alionja, na niliangalia ikishuka. Ninyi mulimuchunga siku gani?”

Papa Shefu alitazama chini. Tate akaongeza, bila hasira, kama anayeuliza bei:

“Nikibaki hapa, hawa batoto nani atawaonjea?”

Tukaondoka. Baba alitukuta Kitshanga baadaye, amekonda kwa kututafuta, na maisha yakaendelea kwa namna yalivyoendelea kwa watu wa miaka ile. Ila siku ile njiani hatukujua kama kuna baadaye. Madamu alitangulia na sufuria kichwani. Tate alimfuata kwa nyuma, hatua zilezile, akimwangalia mikono. Nami nilikuwa wa mwisho, Amani amelala mgongoni kwangu. Nilitaka kujua tunafuatana na nani. Nilimsogelea Tate nikamwuliza kwa sauti ndogo kama bado anadhani ni Madamu aliyemuua Papa Bulambo.

“Sijuwe,” Tate akasema. “Miye nachunga tu. Mama yako, siku ile, hakukuwa na muntu wa kumuonjea.”

Hakuwa ameshusha sauti. Madamu mbele yetu alipunguza mwendo kidogo, kisha akaendelea.

Tulifika kwenye mto ambao daraja lake lilikuwa gogo moja, lililokuwa linateleza kwa mvua. Madamu alivuka, akaweka sufuria, akarudi katikati. Akamvusha Tate kwa kumshika kiwiko, na Tate akakubali. Kisha akarudi tena kwa ajili yangu, akanyoosha mkono, akasita, akaurudisha nyuma, akaniuliza kama naweza kuvuka peke yangu. Niliutazama ule mkono. Ulikuwa kahawia wote, kucha, vidole na kiganja, ngozi imechubuka. Chini maji yalikuwa mekundu kwa udongo na yanakwenda mbio, na mdogo wangu alikuwa mzito mgongoni.

Nilisema siwezi. Nikaushika, na ulikuwa na joto.